Mashine Iliyongoja Diwali

Kivuva alikuwa mpishi. Tuanze hapo, maana wengine walipenda kuanza penye wizi, na hilo ndilo lililomchosha.

Alizaliwa upande wa Kitui, kwenye jua na mawe. Alikuja Nairobi angali kijana, akawa muosha sufuria katika nyumba za watu. Siku moja mpishi wa nyumba akaugua, Kivuva akasukuma chapati. Zikaliwa zikaisha. Tangu siku hiyo hakurudi kuosha sufuria. Mwisho akaingia kwa familia ya Kalasinga huko Lavington, nyumba ya Mama Jaswinder, akakaa mpaka watoto wa pale wakaota ndevu. Alijua dengu yao inataka moto gani. Alijua mkongwe wa nyumba, mama mkwe wa Jaswinder, hali kitunguu siku zake za maombi.

Mke wake, Syokimau, alibaki nyumbani akilima. Walionana Krismasi, na mwezi mmoja wa likizo. Ndoa za watu wa Nairobi ndivyo zilivyokuwa. Unaoa, halafu unatuma salamu.

Mwaka wa tisini na moja, mvua za vuli zikikaribia, bangili za dhahabu za yule mkongwe zilipotea. Polisi hawakuitwa. Kivuva aliambiwa akusanye nguo zake. Mama Jaswinder akapiga simu Ngara, kwa afisi iliyokuwa imempeleka kazini, akawaambia: wizi.

Habari mbaya haingoji basi. Ilifika Kitui kabla yake. Krismasi hakwenda nyumbani. Angeenda na uso gani? Januari akaletewa habari kwamba Syokimau anaumwa tumbo. Alipofika, walikuwa wameshamfunika. Akazika. Kwenye mazishi aliona watu wakimtazama mikono. Si uso, mikono.

Mwezi wa pili, kule Lavington, mpishi mpya aliteremsha mkebe wa dengu wa zamani uliokuwa juu kabatini. Akamwaga. Bangili zikaanguka pamoja na dengu. Mkongwe alikuwa amezificha mwenyewe, akasahau, kama wazee wanavyosahau.

Mama Jaswinder hakuwa mtu mbaya. Alimtafuta Kivuva mpaka akampata Muthangari, kwa rafiki yake Mutiso, mtunza bustani katika nyumba ya Mzungu. Akalia. Akampa blanketi na sukari. Akasema kazi hawezi kumrudishia, maana yule mpishi mpya ana watoto na hana kosa. Lakini alimpakia Kivuva kwenye gari, wakaenda pamoja mpaka Ngara, akapanda ngazi zile chafu na viatu vyake vizuri, akasema mbele ya watu wote: "Huyu mtu hakuiba. Futeni."

Karani pale alikuwa Annah, msichana wa vidole vyepesi. Akamwita Kivuva karibu. "Mzee, kuja uone mwenyewe."

Kivuva alisoma polepole, lakini alisoma. Kwenye kioo cha kompyuta aliona habari zake zote. Mpishi. Anajua chapati, biriani, vyakula visivyo na nyama. Alifukuzwa, wizi. Annah akabonyeza, na yale maneno ya mwisho yakaliwa herufi moja moja, kutoka mkiani, kama mchwa anavyokula kijiti. Yakaisha.

"Sasa uko safi," Annah akasema.

Kivuva akashukuru. Akarudi Muthangari akiwa mwepesi kidogo.

Basi ngoja nieleze ile afisi, maana bila hiyo mambo hayaeleweki.

Ilikuwa ya Bwana Navnit. Baba yake aliuza vitambaa Ngara, naye akaona watu wanahangaika kutafuta wapishi na ayah wa kulea watoto na mawochi wa kulinda lango, akafungua afisi ghorofani, juu ya duka lile lile. Wenye nyumba wa Lavington na Westlands walipiga simu. Zamani Navnit alipekua kadi kwa mkono. Baadaye akanunua mashine, na mpwa wake Kamlesh akaitengenezea programu. Mama akipiga simu, Annah aliandika neno analotaka, tuseme mpishi, na chini yake neno asilolitaka. Neno asilolitaka lilikuwa lile lile kila siku: wizi. Mashine ikifikiri, inatoa majina ya wanaofaa, na karatasi inachapwa na kupelekwa kwa mama. Jina lisilokuwa kwenye karatasi halikuajiriwa. Akina mama walikuja kuiamini karatasi ile kuliko macho yao.

Kivuva akaanza kungoja. Alitembea kutoka Muthangari mpaka Ngara, akakaa kwenye benchi pamoja na wengine. Simu ililia. Annah akaandika. Mashine ikafikiri. Wengine wakaitwa. Wapishi wasiojua hata kuchagua mchele wakaitwa.

Kulikuwa na mwanamke mmoja pale, Kasyoka, ayah, mdomo wake haukujua kupumzika.

"Baba Kivuva, wewe unapika sana mpaka wanakuogopa?"

"Labda."

"Ama ni hiyo koti. Hiyo koti ni ya mtu wa kaburi."

"Ni ya mazishi kweli," Kivuva akasema.

Kasyoka akampisha nafasi kwenye benchi. Siku mbili tatu hakumtania tena. Halafu naye akaitwa, akaenda zake Westlands.

Mvua ndefu zikaja, zikaisha. Baridi ya Julai ikaingia, ile ya Nairobi inayokaa mifupani. Kivuva alilala chumba cha Mutiso, nyuma ya nyumba ya Mzungu aliyekuwa amekwenda kwao likizo ndefu. Mzungu hakutaka wageni katika chumba cha mfanyakazi. Mutiso alisema hivyo mara moja tu, akiwa analinoa panga, hakumtazama.

"Agosti anarudi."

"Nimesikia."

"Mimi sikufukuzi, ndugu yangu."

"Najua."

"Rudi nyumbani basi. Kuna shamba."

Kivuva akachochea jiko. "Nikirudi bila kazi watasema ni kweli. Watasema Lavington yote imemkataa, hakataliwi bure mtu. Na yeye amelala pale, anasikia."

Mutiso hakuuliza yeye ni nani.

Ndiyo hali ilivyokuwa. Apate jiko la kupikia kabla ya Agosti, ama arudi Kitui na jina la mwizi, akae nalo karibu na kaburi la mkewe.

Asubuhi moja Kamlesh alikuja afisini kusafisha mashine vumbi. Kijana mnene, mcheshi. Annah akamwambia, "Kamlesh, hii kitu yako iko na wazimu. Huyu mzee habari yake iko safi, mimi nilifuta mwenyewe. Lakini nikitafuta mpishi, haitoki. Nikitafuta wizi, inatoka."

"Haiwezekani."

"Tazama."

Annah akaandika wizi. Majina yakateremka. Kivuva, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akaliona lake. Annah akalifungua. Ndani hakuna neno wizi popote. Mashine inamwita kwa jambo ambalo halimo.

Kamlesh akajikuna kichwa. Halafu akauliza, "Jioni mkifunga, mashine inawauliza ipange upya. Mnajibu nini?"

"Hapana," Annah akasema.

"Kila siku hapana?"

"Bwana Navnit alisema nijibu hapana."

Kamlesh akacheka, akaona Kivuva hacheki, akaacha. Akavuta kiti.

"Mzee, sikiliza. Hii mashine haisomi habari za watu wote kila simu ikilia. Ingechukua siku nzima. Kwa hivyo ilisoma mara moja, ikajiwekea kando: neno hili liko kwa fulani na fulani, neno lile liko kwa fulani. Ukiitafutia mtu, inatazama pale kando tu. Annah amebadilisha habari yako. Lakini kule kando hakujaguswa. Lazima iambiwe isome tena."

Kivuva akafikiri. "Ni kama watu wa kwetu," akasema. "Walisikia mwaka jana. Hawajauliza tena."

"Hapo umesema."

"Basi iambie isome."

"Ni mjomba wangu anaamua."

Navnit alikuwa kwenye chumba chake kidogo, na chai yake, na picha ya baba yake ukutani yenye shada la maua ya plastiki. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Kitabu inafunguliwa Diwali."

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri, na haikuwa siri kwake hata kidogo. Baba yake kila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindi, alifunga vitabu vya zamani vya duka na kufungua vipya, akaviwekea alama nyekundu, akaomba. Katikati ya mwaka kitabu hakifunguliwi. Mashine ilipokuja, Navnit aliiwekea alama hiyo hiyo nyekundu ubavuni, na siku ya Diwali, afisi ikiwa imefungwa, akaiacha isome watu wote upya. Mara moja kwa mwaka. Kwake hicho kilikuwa kitabu.

"Mjomba, kompyuta si Mhindi," Kamlesh akasema. "Haijui Diwali."

Watu wa benchi wakaangua kicheko. Navnit akawakata jicho.

"Wewe nyamaza. Mimi iko hapa kabla wewe zaliwa. Baba yangu alifungua duka na sanduku moja. Kwa nini haikuanguka? Kwa sababu aliheshimu kitabu." Akamgeukia Kivuva, sauti ikalainika. "Mzee, Oktoba si mbali. Na ikisoma, siku nzima hakuna mtu anagusa. Simu zikilia nitasema nini? Ngoja Diwali."

Kivuva alikuwa amechoka. Hakuwa na maneno mengi hata siku ambazo hakuchoka.

"Bwana Navnit, Diwali utanikuta Kitui."

"Utapumzika."

"Mke wangu alikufa wakati mashine inaniita mwizi. Mimi nataka nipike tu. Sina neno lingine."

Akarudi kwenye benchi, akakaa.

Simu ikalia. Annah akasikiliza, akaandika, akangoja. Kisha akafunika simu kwa kiganja. "Bwana, ni Mama Jyoti wa Lavington. Mama yake amekuja kutoka Jamnagar, kule India, hali nyama, hali yai. Anataka mpishi anayejua chakula bila nyama. Mashine inasema hakuna mtu."

Navnit akatoka chumbani. Huyu Mama Jyoti walikuwa wakikutana hekaluni. Akachukua simu, akaongea Kigujarati kirefu, akicheka mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha. Alipoikata akabaki ameishika.

"Anangoja mpaka Jumamosi," akasema. "Halafu anaenda kwa wengine."

 Kivuva alikuwa anatazama sakafu. Annah ndiye aliyesema, bila kuondoa macho kwenye mashine: "Anajua chakula bila nyama, huyu. Imeandikwa hapa."

"Mpeleke tu kwa mdomo," Kamlesh akasema.

"Bila karatasi? Jyoti?" Navnit akapandisha mabega. "Atauliza kwa nini mashine ilimficha. Nitasema nini, mashine yangu inadanganya?"

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Wakamsikia akipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtoto. Annah akanong'ona, "Anampigia mamake."

Ongezeko la miaka halimtoi mtu kwa mama yake. Navnit alikuwa na mvi, lakini kwa jambo la kitabu alimuuliza mama. Walingoja. Mara nyingi upande huu ulisema "ha, ba, ha" tu, yaani ndiyo, mama, ndiyo. Mwisho mlango ukafunguliwa.

"Mama anasema, kama kitabu imeandika uongo, kuifunga mpaka Diwali ni kuulea uongo." Akapangusa miwani. "Na anasema nilete nazi."

Kesho yake akaja na nazi, unga mwekundu, na ubani. Kamlesh alijizuia asicheke mpaka machozi yakamtoka. Navnit akavua viatu, akaomba mbele ya mashine, akaipaka alama mpya juu ya ile ya zamani iliyokuwa imeshapauka. Nazi ikavunjwa kwenye ngazi. Wochi wa duka la chini akapewa kipande. Kivuva naye akapewa. Kilikuwa kitamu, akakitafuna polepole kwa meno yaliyobaki.

Halafu Annah akafanya kama anaifunga mashine, na ilipouliza, akajibu ndiyo.

Mashine ikaanza kusoma. Ilikuwa ikinguruma kama paka aliyeshiba. Simu zikalia, Annah akawaambia akina mama wapige kesho. Wengine walimtukana. Alisema "asante, madam" kwa wote, sauti ile ile. Kivuva hakutoka kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia abaki, wala aende. Mchana Annah akamgawia nusu ya mkate wake.

Jua lilipoanza kuegemea, stima ikapotea.

 Mashine ilinyamaza tu. Kioo kikawa cheusi, na barabarani jenereta ya mtu ikaanza kuunguruma.

Kamlesh akashika kichwa. "Ilikuwa karibu imalize."

"Itaendelea ikirudi?" Navnit akauliza.

"Itaanza upya, mjomba. Mwanzo kabisa."

"Na ile ya zamani?"

"Ya zamani imefutwa. Sasa haijui mtu yeyote."

Navnit akakaa chini kwenye benchi, karibu na Kivuva. Wazee wawili, bega kwa bega. 

"Nazi ingine?" Kivuva akauliza mwishowe.

Navnit akamtazama, akidhani anachezewa. Uso wa Kivuva ulikuwa mkavu. Ndipo Navnit akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, kilichotoka puani.

"Nazi moja inatosha," akasema. "Kesho tunaanza tena."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mashine ikasoma tena tangu mwanzo. Kila taa ilipofifia kidogo watu wote waliacha kupumua. Navnit alitembea huku na huku kama mume nje ya wodi ya wazazi. Mchana ukapita. Alasiri ikaingia. Ile ngurumo ikabadilika, ikakatika, na Kamlesh akasema, "Imemaliza."

Annah akaandika. Mpishi. Bila nyama. Na kwenye lile neno la chini, wizi.

Mashine ikafikiri.

Majina yakawa machache. La Kivuva lilikuwepo. Annah akachapa, printa ikapiga yowe lake, karatasi ikatoka na mashimo yake pembeni. Akairarua vizuri, akampa ashike kwanza, kabla ya kuipeleka. Kivuva aliisoma mara moja, akaisoma tena. Haikuwa na lolote la ajabu. Jina lake na kazi yake.

Navnit akampigia Mama Jyoti mwenyewe. Akasema Jumatatu asubuhi, sawa. Akasema ndiyo, ameangaliwa. Akasema ndiyo, mashine.

"Jumatatu, mzee," akamwambia, akimwandikia namba ya nyumba. "Usichelewe. Mama yake ni mkali kuliko mama yangu."

"Asante, Bwana Navnit."

Kivuva hakwenda bado. Alisimama nyuma ya Annah.

"Mama, hebu andika lile neno lenyewe. Peke yake."

Annah akajua ni lipi. Akaliandika. Majina yakateremka, yakajaza kioo, kikajaa tena. Kivuva alitafuta lake kwa kidole, hakukigusa kioo. Halikuwepo. Lakini hakuondoa kidole.

"Hawa wote waliiba?"

"Mimi sijui, mzee. Mama akipiga simu, naandika vile anasema."

"Na kama amekosea?"

"Basi lazima aje aseme."

Kivuva akateremka na majina yale kwa macho, mengine ya watu wa kwao, mengine ya pande asizozijua. Wapishi, ayah, mawochi.

"Hawaji," akasema.

"Wengi hawaji," Annah akakubali.

Kutoka chumbani Navnit akaita, "Annah! Jioni ikikuuliza, sema ndiyo, isome usiku. Kila jioni. Diwali tutaweka nazi tu."

Kivuva akavaa koti lake, akashuka ngazi. Hakuelekea Muthangari moja kwa moja. Alipita Museum Hill, akapanda mpaka Westlands, akashika barabara ya Lavington kwa mwendo wa mtu asiyekuwa na haraka. Baridi ilikuwa kali. Njiani alijikuta anaipanga hadithi jinsi angemsimulia Syokimau, sehemu ya nazi aiweke wapi ili acheke. Alifika nusu ndipo akakumbuka. Akasimama kando ya ua wa watu, akashika miti. Mbwa akabweka ndani. Akaendelea.

Lango la Mama Jyoti lilikuwa la chuma, la kijani. Wochi alikuwa mzee wa Kiluhya, anaota moto kwenye debe.

"Unatafuta nani, mzee?"

"Mimi ni mpishi wa hapa."

Wochi akamkagua, koti na viatu. "Nimeambiwa mpishi ni Jumatatu. Leo ni Ijumaa."

"Najua," Kivuva akasema. "Nilikuwa nataka kusema tu."

Wochi akasogeza jiwe lake la kukalia kidogo, nafasi ikapatikana kando ya moto. Kivuva akakaa.